Kaa Kitako Uhesabu: Mwongozo kwa Anayetaka Kumfuata Yesu Hapa Malindi

Watu wengi walikuwa wakiandamana na Yesu siku ile alipogeuka na kuwauliza: "Ni nani katika ninyi, kama akitaka kujenga mnara, asiyeketi kwanza na kuhesabu gharama, kwamba anavyo vya kuumalizia?" Swali hilo limo katika Luka 14. Mara baada yake unafuata mfano wa mfalme mwenye askari 10,000, anayetakiwa ajipime kwanza kama atamweza mwenzake anayemjia na 20,000. Yesu hakutaka mtu amfuate kwa kusukumwa na umati wala kwa machozi ya usiku mmoja wa mkesha. Alitaka mtu aketi, apige hesabu, ndipo ainuke.

Mwongozo huu ni wa kuketi huko. Nimewaandikia watu wa Malindi mjini, wa Ganda, wa Mambrui, wa Gede na Watamu, na vijiji vya bara vinavyoteremka hapa kila siku ya soko. Nimefundisha darasa la ubatizo muda wa kutosha kuona kwamba anayehesabu mapema hudumu, na aliyefichwa bei huondoka na uchungu moyoni.

Naomba ulishike jambo moja tangu sasa, maana hatua zote zinalitegemea. Gharama anayoitaja Kristo hutajwa mapema na hadharani, hulipwa siku baada ya siku, na matunda yake humfikia jirani. Gharama ya siri, inayodaiwa kwa haraka na kuishia mikononi mwa mtu mmoja, haitoki kwake. Sisi wa Malindi tumejifunza hilo kwa maiti za watoto, kama nitakavyoeleza kwenye hatua ya tatu.

Hatua ya kwanza: Msikie anayekuita

Usianze na mahubiri ya redio wala video za simuni. Anza na Injili ya Luka. Ina sura 24. Ukisoma sura moja kwa siku na kupumzika siku moja moja, unaimaliza ndani ya mwezi. Chukua Biblia ya Kiswahili, au ya Kigiriama ikiwa hiyo ndiyo lugha unayoombolezea. Asiyejua kusoma asomewe. Mjukuu wa darasa la sita anatosha.

Someni watatu au wanne pamoja. Mwisho wa kila sura jiulizeni mambo mawili tu: hapa Yesu anadai nini, na hapa anatoa nini? Andikeni majibu kwa maneno yenu wenyewe.

Mkifika sura ya 5, kaeni hapo. Petro na wenzake waliacha vyombo vyao siku ambayo nyavu zilikuwa zinapasuka kwa wingi wa samaki. Mvuvi yeyote wa hapa anajua uzito wa jambo hilo. Kuacha bahari ikiwa kavu si kazi; wao waliondoka siku ya neema kubwa kuliko zote walizowahi kuiona, na wakamwendea aliyeitoa.

Sura ya 9 ina mstari ambao ni mlango wa yote: anayetaka kumfuata "ajikane mwenyewe, ajitwike msalaba wake kila siku." Sura ya 18 ina mtawala tajiri aliyeambiwa auze vyote akahuzunika sana. Sura ya 19 ina Zakayo, aliyesimama mwenyewe na kutoa nusu kwa maskini, na Yesu hakumdai nusu iliyobaki. Wasomeni hao wawili siku moja. Halafu rudini sura ya 8 mwaone wanawake waliomhudumia Yesu kwa mali zao, na sura ya 10 mwaone Martha, aliyebaki na nyumba yake ili amkaribishe humo. Bei haikufanana. Kila mmoja aliombwa kile kilichoshika moyo wake. Kwa hiyo mtu akisimama mbele ya kusanyiko na kutaja kiasi kimoja kwa wote, au akawaagiza wote wauze mashamba, mjue hakusoma vizuri.

Hatua ya pili: Fungua daftari

Nunua daftari la shule, lile la kurasa 32. Fungua kurasa mbili zinazotazamana. Wa kushoto andika juu yake "Kutoa", wa kulia andika "Kupata". Wa kulia uache mtupu kwa sasa. Ukurasa wa kushoto ndio utakaokuchukua jioni kadhaa, na usiufanye kwa ujumla. Neno kama "dhambi zangu zote" halihesabiki. Taja kitu, taja siku, taja jina la unayehusiana naye.

Anza na kazi. Kanisa la karne za kwanza lilimwuliza kila aliyetaka ubatizo anafanya kazi gani, na wengine waliambiwa waache ile waliyokuwa nayo kabla ya kuendelea na mafundisho. Sioni kwa nini sisi tuone haya kuuliza. Wewe ni mvuvi? Andika zana unazotumia. Juya, ule wavu wa kukokota, limekatazwa kisheria, linakomba vifaranga vya samaki, na ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotengwa mwaka 1968, uvuvi hauruhusiwi. Kama chakula cha nyumbani kwako kinategemea juya la usiku, hilo ni la ukurasa wa kushoto. Unaendesha bodaboda? Andika leseni uliyoikwepa na noti unazowapenyezea askari barabarani. Unafanya kazi hotelini? Andika risiti zisizolingana na bili.

Kuna kijana wa ufuoni anayelisha nyumba nzima kwa fedha ya mgeni anayelala naye. Siwezi kuandika kuhusu Malindi nikamruka huyo. Mji huu umeishi na utalii, wa Wataliano hasa, kwa miaka mingi, na vijana wetu wengi, wa kike na wa kiume, wamejikuta wao wenyewe ndio bidhaa. Ndugu yangu, dada yangu, usione aibu kuiandika. Andika kiasi kinachoingia kwa mwezi, andika kinalipia nini: kodi ya nyumba, dawa ya mama, karo ya mdogo wako. Hayo ndiyo utakayoyatafutia njia, na hutayatafuta peke yako. Nitalirudia hili kwenye hatua ya saba.

Mgema naye ananiuliza mara kwa mara. Makanisa hayakubaliani juu ya mnazi, na mimi nasema hivi: kupanda mnazi na kugema si dhambi, lakini kuendesha mangwe, yaani kilabu cha pombe ya mnazi, ambamo baba wa watoto sita anamaliza mshahara wake wa wiki huku wewe ukimjazia kata ni jambo la kujibu mbele za Mungu. Muuza muguka, majani ya kutafuna yanayolevya, anayewauzia wanafunzi yuko hapo hapo.

Baada ya kazi, fedha. Kosa la wengi ni kuahidi. Msimu wa kaskazi bahari imetulia, wageni wamejaa, mtu anasimama kanisani anaahidi kiasi kikubwa kila mwezi. Kusi inaingia, mawimbi yanapanda, Mto Sabaki unamwaga tope hadi maji ya pwani yanageuka rangi ya udongo, hoteli zinapunguza wafanyakazi, na mtu yule anakopa kwenye simu ili atimize ahadi yake. Paulo alishaliweka sawa katika 2 Wakorintho 8: nia hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Basi usiandike kiasi, andika sehemu. Tuseme umeamua sehemu moja ya kumi: siku uliyopata shilingi 2,000 unatenga 200, na siku uliyopata 300 unatenga 30. Na kabla ya kutenga, jiulize kama mama yako amekula. Katika Marko 7 Yesu aliwakemea waliokuwa wakisema mali yao ni wakfu kwa Mungu ili wasiwasaidie wazazi wao. Timotheo wa Kwanza 5:8 inasema asiyewatunza walio wake ameikana imani. Sadaka inayomnyima mzazi dawa, Yesu ameshaikataa.

Kisha andika hofu zako. Hapa kalamu itakuwa nzito. Andika hirizi iliyo kiunoni mwa mtoto. Andika mganga unayemwendea biashara ikizorota, na kiasi ulichomlipa mwaka jana, ukikijumlisha kitakustua. Waumini wa Efeso, katika Matendo 19, walileta vitabu vyao vya uganga wakavichoma mbele ya watu wote, na thamani yake ilikuwa vipande 50,000 vya fedha. Wangeweza kuviuza. Hawakutaka hofu yao ihamie nyumba ya mwingine.

Lakini kuacha mila usikugeuze ukadhani ni ruhusa ya kudharau. Mgiriama anayeacha kuwatolea koma, roho za wahenga, sadaka hajaruhusiwa kung'oa kigango cha babu yake, yaani nguzo ya kuchongwa ya kumkumbuka marehemu. Vigango vingi vya pwani hii viliibwa na kuuzwa, vikaishia kwenye makumbusho na nyumba za matajiri huko Marekani. Ni miaka ya karibuni tu ambapo baadhi vimerudishwa. Kigango cha marehemu ni mali ya ukoo. Ukikigusa umeiba, na huna la kuwahubiria ndugu zako tena.

Kuna gharama nyingine upande huu ambayo naiona kubwa kuliko zote katika kaunti yetu. Wazee wanauawa hapa kwa kusingiziwa uchawi. Mvi zao na macho yao mekundu kwa moshi wa jikoni vinafanywa ushahidi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba ambalo vijana wanataka kulirithi au kuliuza. Wengine wamekimbilia Kaya Godoma, kimbilio la wazee kule Ganze, wakaishi huko kama wakimbizi wa watoto wao wenyewe. Sasa wewe unayetaka kumfuata Yesu: siku kikao cha ukoo kitakapomtaja ami yako, utafanya nini? Kunyamaza ni rahisi. Kusimama na kusema "Huyu mzee haguswi, na atakayemgusa nitamtaja kwa chifu na kwa polisi" kunaweza kukutenga na ukoo, pengine kukufanya nawe utajwe. Andika jibu lako kabla ya siku hiyo. Nauhesabu huu kuwa msalaba halisi wa mwanafunzi wa Malindi kuliko kufunga kwa siku nyingi.

Mwisho wa ukurasa andika jina lako, yaani heshima uliyo nayo mtaani. Karibu na bahari pana msalaba wa mawe juu ya mnara wa Vasco da Gama, aliyefika hapa mwaka 1498, na una nembo ya mfalme wa Ureno. Kwa majirani zetu wengi Waislamu, msalaba uliingia pwani hii kwa merikebu zenye mizinga. Utaulizwa juu ya hilo, na wakati mwingine utaulizwa kwa ukali. Jibu bila kutetea mizinga. Petro anataka tujibu kwa upole na kwa hofu.

Hatua ya tatu: Mpime anayekudai

Aprili 2023, polisi walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola. Katika miezi iliyofuata, miili zaidi ya 400 ilitolewa, mingi ya watoto. Ililetwa mochari hapa Malindi, na jamaa walingoja hadi mwaka uliofuata ndipo vipimo vya vinasaba vikaanza kuwarudishia wafu wao. Kesi ni ya mahakama, nami siihukumu hapa. Linalotuhusu sisi ni kwamba watu wale waliambiwa kufa kwa njaa ndiyo njia ya kumwona Yesu. Walikuwa tayari kulipa gharama. Walimlipa asiyestahili.

Ndiyo maana kila dai linalokuja kwa jina la ufuasi lipitishe kwenye maswali haya, na usimruhusu mtu yeyote, hata awe na upako gani, akukataze kuyauliza.

Je, dai hili liko wazi kwa kila mtu, au naambiwa nisimwambie mume wangu? Yesu alitaja bei yake mbele ya umati. Je, nadaiwa niamue usiku huu? Yeye alisema keti kwanza. Mali ninayoiacha inakwenda wapi? Tajiri yule aliambiwa awape maskini, hakuambiwa amletee Yesu. Je, mtoto wangu anaondolewa shuleni, au mgonjwa wangu anazuiwa hospitali? Luka, aliyeandika Injili hii, Paulo anamwita tabibu mpendwa. Je, naagizwa nichome kitambulisho, niuze shamba, nihamie mahali ambapo jamaa zangu hawanioni?

Na swali la chakula. Kufunga ni ibada njema, ina mwanzo na ina mwisho. Yesu mwenyewe alifunga, kisha akala. Na mjaribu alipomtaka ajitupe kutoka kinara cha hekalu, alikataa. Alipomfufua binti Yairo, jambo la kwanza aliloamuru, Luka 8:55, ni apewe chakula. Nasoma mstari huo katika kila darasa sasa. Mtu yeyote anayemnyima mtoto chakula kwa jina la Yesu anapingana na amri iliyotoka kinywani mwa Yesu akiwa amesimama kando ya kitanda cha mtoto.

Msalaba ni wa kila siku. Aliyekufa kwa njaa leo hana kesho ya kuubeba.

Ukiona dai linaangukia kwenye haya, ondoka na watoto wako, na mwarifu mzee wa mtaa, chifu au kituo cha polisi. Kifungu cha 32 cha Katiba ya mwaka 2010 kinakupa uhuru wa kuamini, na kwa hiyo hakuna mchungaji mwenye mamlaka ya kukuzuia kuondoka.

Hatua ya nne: Jaza ukurasa wa kulia

Walimu wengi hufundisha gharama tu, na mwanafunzi anadhani Mungu ni mtoza ushuru. Mtu wa Mathayo 13 aliyekuta hazina shambani aliuza vyote "kwa furaha yake". Hakuwa akijitesa. Alijua thamani ya shamba kuliko muuzaji alivyoijua.

Jaza ukurasa huu kwa uaminifu ule ule. Andika msamaha: lile jambo ambalo hujawahi kumwambia mtu, na linalokuamsha saa nane za usiku, limebebwa msalabani na halidaiwi tena. Hili ndilo la kwanza, na mengine yote yanasimama juu yake. Hulinunui kwa vile ulivyoandika kushoto. Ukurasa wa kushoto ni wa mtu aliyekwisha kupewa, anayetoa nafasi kwa alichopewa.

Andika uhuru wa hofu. Nimekaa na mama mmoja aliyekuwa akilala na ufagio nyuma ya mlango, chumvi kizingitini, na kitambaa cheusi chini ya godoro, kwa sababu aliamini wifi yake anamtembelea usiku. Alipovitoa vyote, tulivichoma nyuma ya choo, tukasoma Zaburi ya 91, tukanywa chai. Wiki iliyofuata alimpelekea wifi yake sahani ya mahamri. Kwangu sahani ile ina thamani kuliko ushuhuda mrefu, maana walikuwa hawajasalimiana tangu mazishi ya mkwe wao.

Andika ndugu. Katika Marko 10 Yesu anaahidi kwamba aliyeacha nyumba au ndugu kwa ajili yake atapokea mara mia wakati huu, nyumba na ndugu na mama na watoto, "pamoja na udhia". Sipendi watu wanapoukata mstari huo. Wengine wanaacha udhia, wakahubiri utajiri. Wengine wanaacha mara mia, wakahubiri huzuni. Mara mia ni nyumba za waumini ambamo unaweza kubisha hodi usiku ukafunguliwa. Kijana aliyeshuka kutoka bara kutafuta kibarua, hana shangazi hapa wala mjomba, akiugua malaria akaletewa uji na watu watatu wasiomjua, ameonja mstari huo.

Andika ufufuo. Mmisionari Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo akamzika mkewe Rosine na binti yao mchanga, kisha akaendelea na kazi kule Rabai. Mwaka 1886 mmisionari Houghton na mkewe waliuawa Golbanti, kwenye Mto Tana. Watu hao hawakuwa wakijitafutia mauti. Walipima, wakaona kwamba aliye na Kristo hapotezi alichomkabidhi, na hesabu hiyo haitoki sawa ikiwa kaburi ndilo mwisho.

Chini kabisa andika gharama ya kutofuata, maana nayo ipo na hulipwa kila siku. Marko 8: itamfaidia mtu nini kuupata ulimwengu wote, akipata hasara ya nafsi yake? Jumlisha kile kilichokwenda kwa mganga, kwa mangwe, kwa mpango wa kando, kwa kesi ya shamba uliyoiendesha ukijua huna haki.

Hatua ya tano: Rudisha

Ukurasa wa kushoto una mambo ya kuacha na mambo ya kurudisha. Ya kurudisha yasingoje. Zakayo alisema mara nne. Kama huwezi mara nne, anza na mara moja, lakini anza wiki hii.

Mchukue mchuuzi wa samaki mwenye mizani ya kuning'iniza. Akinunua kwa wavuvi asubuhi, sindano yake inaanzia nyuma ya sifuri, kwa hiyo kilo moja ya changu inasoma gramu mia tisa. Akiuza sokoni, anageuza parafujo kidogo juu, na samaki wa gramu mia tisa anasoma kilo. Ufuasi kwake unaanza na bisibisi: anarudisha sindano kwenye sifuri, anapima paketi ya unga ya kilo mbili mbele ya wavuvi wenyewe, nao waone. Halafu anawaambia aliowapunja. Hawezi kumkumbuka kila mteja, basi anawapa wavuvi wale bei ya juu kidogo kwa msimu mzima, na anasema kwa nini. Anayeogopa kwamba atapoteza wateja apige hesabu hiyo pia kwenye daftari. Mara nyingi wavuvi humkimbilia mwenye mizani ya kweli.

Ukimrudishia mtu, nenda na shahidi mmoja, sema kosa kwa jina lake, usianze na visingizio. Yanayohusu jinai au shamba lenye kesi, mhusishe wakili au msaidizi wa sheria kwanza, ili toba yako isimdhuru mtu wa tatu.

Hatua ya sita: Nyumbani

Yesu anaposema katika Luka 14 kwamba anayemfuata sharti "amchukie" baba na mama na hata nafsi yake, anazungumza juu ya nani wa kwanza. Alipokuwa msalabani mwenyewe alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi ili amtunze. Basi mfuasi wa Yesu awe mtoto bora zaidi nyumbani, si balaa la nyumba.

Kama umetoka nyumba ya Kiislamu, enda taratibu. Usimtangazie baba yako mbele ya wageni, wala usikubali kanisa likupandishe jukwaani kama ngawira. Mtafute kwanza yule mkubwa anayekupenda, pengine bibi, mpigie shikamoo, kaa chini, mwambie kwa adabu ulichosoma na ulichoamini. Usiseme neno baya juu ya dini uliyolelewa nayo. Ndiyo iliyokufundisha kumcha Mungu na kusali kwa wakati. Endelea kufagia ua, kulipa maji, kumpeleka mama hospitali. Wakikufukuza, ondoka bila matusi, acha namba yako, rudi Idi kuwapa mkono. Na usipokee fedha ya mtu yeyote kwa sababu umebadili dini. Aliye chini ya miaka 18 asibatizwe kwa siri nyuma ya wazazi wake. Asome, asali, angoje.

Kwenye mahanga ya ukoo, nenda. Beba maji, chimba kaburi, peleka mchele, keti na wafiwa. Yale ya kuwalisha marehemu usiyafanye, na mweleze mzee wa ukoo mapema, faraghani, ili asiaibike mbele ya watu. Ukiwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, watakuvumilia hilo moja.

Hatua ya saba: Kanisa nalo lilipe

Hapa nawageukia wachungaji, makatekista na wazee wa kanisa. Mkimwambia msichana aache fedha ya ufuoni na hamjakaa kuuliza kesho atakula nini, mmehubiri nusu. Matendo 4 inasema hapakuwa na mhitaji miongoni mwao, kwa sababu wenye mali waliuza na kila mtu akagawiwa kwa kadiri ya alivyohitaji.

Fanyeni hivi: watu watano au sita waunde kamati ndogo, mwanamke mmoja awe mweka hazina, na hesabu zisomwe hadharani kila mwezi. Mtu anapoacha kazi isiyofaa, mpeni chakula na kodi ya miezi mitatu, mtafutieni kozi ya ushonaji, upishi au ufundi umeme, na mmoja wenu amchukue kibaruani. Mvuvi anayechoma juya achangiwe mshipi au wavu halali. Muumini mwenye zamu ya Jumapili hotelini asihesabiwe mtoro. Mpangieni ibada ya Jumatano jioni nyumbani kwa mtu. Na mzee aliyetishiwa kwa uchawi alale nyumbani kwa muumini usiku huo huo, kabla barua ya chifu haijaandikwa.

Hatua ya nane: Kila siku

Hii ni fupi, maana ni ya kufanya kuliko kusoma. Asubuhi kabla simu haijaguswa, soma sehemu ya Injili, sali Baba Yetu taratibu, chagua jambo moja kutoka ukurasa wa kushoto utakalolitii leo. Jioni jiulize kama ulilitii. Mara moja kwa wiki kutana na wale watatu au wanne, kila mmoja aseme ukweli wake, muombeane. Kila miezi sita fungueni madaftari pamoja: futeni yaliyolipwa, ongezeni mapya, kwa sababu mtoto akizaliwa au mzazi akipooza hesabu inabadilika.

Ukianguka, usingoje Jumapili. Mwite mmoja wa ndugu zako siku hiyo hiyo, mwambie ulichofanya, mrudie uliyemkosea, na kesho asubuhi uendelee na sura uliyoishia.